Asilimia 34 kwenye ripoti ya Turnitin: je, zinatosha kumtia mwanafunzi hatiani?

Swali

Ndugu zangu, salaam. Mwanafunzi mwenzangu ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa sababu ripoti ya Turnitin, programu inayolinganisha kazi za wanafunzi na maandishi mengine, imeonyesha kwamba asilimia 34 ya insha yake inalingana na maandishi ya watu wengine. Yeye anashikilia kwamba vyanzo vyote amevitaja. Je, kuna kiwango ambacho mtu akikivuka huhesabiwa kuwa ameiba, na ajiandae vipi?

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, asilimia hiyo peke yake haithibitishi wizi. Programu hulinganisha maneno tu. Nia ya mwandishi haiijui. Orodha ya marejeo, maswali ya zoezi yaliyonakiliwa juu ya insha na nukuu zilizofungwa kwa alama zake vyote vinaweza kuhesabiwa iwapo msahihishaji hakuviondoa kwenye mipangilio. Nimewahi kusahihisha kazi ya asilimia 40 isiyo na kosa, na nyingine ya asilimia 8 ambayo aya yake moja, iliyobeba hoja nzima, ilichukuliwa neno kwa neno. Mwenzako aombe ripoti kamili, aipitie mstari kwa mstari, na achunguze hasa pale alipodhani ameeleza kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa kubadili maneno mawili matatu huku muundo wa sentensi ukibaki ule ule ni kosa hata kama mwenye sentensi ametajwa.

Jibu la pili

Nakubaliana na Mwalimu hapo juu, ila asijibweteke. Vyuo vingi hutofautisha uzembe wa kunukuu na udanganyifu wa makusudi: mgeni chuoni akikosea mara ya kwanza mara nyingi huonywa au huagizwa kurudia kazi, ilhali kwenye tasnifu shahada yenyewe inaweza kufutwa, na muda kupita si kinga. Annette Schavan, akiwa waziri wa elimu wa Ujerumani, alivuliwa na Chuo Kikuu cha Düsseldorf mwaka 2013 shahada ya uzamivu aliyotunukiwa mwaka 1980, akajiuzulu.

Jibu la tatu

Mnasahau akili mnemba (AI), ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayowaponza wengi sasa. Ulinganifu wa maneno angalau unaonyesha chanzo kinachoweza kufunguliwa na kusomwa. Kipimo cha kugundua maandishi yaliyoandikwa na akili mnemba hutoa makisio yasiyo na chanzo cha kulinganisha. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilikizima kipimo hicho cha Turnitin mwaka 2023 kwa hofu ya kuwatuhumu wasio na hatia. Kwa hiyo mwenzako apeleke rasimu zake za awali pamoja na historia ya mabadiliko ya faili, awe tayari kueleza kwa mdomo alivyoifikia kila hoja, na kama barua ya wito haitaji kifungu anachodaiwa kukivunja, akiulize kwa maandishi kabla ya siku ya kikao.