Usiku wa muziki wa majaribio, wapigaji watatu mmoja mmoja: mitambo ipangweje?

Zege_na_Zeze
Wakuu, habari za jioni. Ukumbi wa watu 60, kuta za zege, spika 2 za inchi 12, mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya chaneli 8. Wapigaji watatu, kila mmoja peke yake, dakika 25 kila mtu. Mmoja ana laptopu na sauti zilizorekodiwa mitaani, njia ileile ya mwanamuziki KMRU wa Nairobi. Wa pili ana zeze lenye piezo (kihisi cha mtetemo) iliyobandikwa kwenye kibuyu. Wa tatu anapiga mikisa yake tupu, bila chombo kingine: waya unatoka kwenye tundu la kutolea sauti na kurudi kwenye tundu la kuingizia. Hofu ni mvumo wa umeme, na watu kuchoka wakati wa kubadilisha vyombo.

Mtu_wa_Mitambo
Usiwapandishe jukwaani kwa zamu. Weka meza tatu sakafuni, zote zimeunganishwa na kupimwa kabla mlango haujafunguliwa: laptopu chaneli 1 na 2, zeze 3, mikisa tupu 4 na 5. Kubadilisha kunabaki kushusha fader (kitelezi cha sauti) na kupandisha nyingine. Viti viwe nusu duara, karibu kabisa. Watu waone vidole. Kwa huyo wa mikisa, kitufe kikisogea kidogo tu sauti nzima inageuka, na hapo ndipo utamu ulipo.

Mvumo wa hezi 50 huwa unatokana na laptopu na spika kuchukua umeme kwenye soketi tofauti, waya za ardhi zikafanya mzunguko. Zichukue sehemu moja. Chomoa chaja: mvumo ukikatika, weka DI (kisanduku cha kuunganishia) yenye transfoma kati ya laptopu na mikisa ya ukumbi. Pini ya ardhi ya plagi usiikate kamwe, inaua mtu.

Kibuyu
Piezo usiichomeke moja kwa moja. Tundu la maiki lina ukinzani wa omu elfu chache; piezo inataka omu milioni 1 au zaidi. Bila preampu (kikuza sauti cha awali) yake, besi inapotea, unabaki na mlio wa bati. Spika zitangulie meza kwa mita 1 na nusu hivi na zielekee watu, la sivyo kibuyu kitaanza kuunguruma chenyewe. Kikiendelea, kata kila kitu chini ya hezi 80 kwenye chaneli hiyo.

Mikisa tupu lazima ipite kwenye limita (kifaa kinachozuia sauti isivuke kiwango). Sauti yake huruka ghafla, na milio ya juu ambayo sikio halisikii bado inachoma twita (kipaza milio ya juu ndani ya spika). Mwanamuziki Toshimaru Nakamura wa Japani amejenga kazi yake juu ya mikisa tupu. Sikilizeni anavyokaa kwenye mlio mmoja mwembamba, mtajua kwa nini ukumbi unapaswa kuwa kimya.

Pwani_Sauti
Kimya ndiyo kazi kubwa. Zima friji la vinywaji na feni wakati wa onyesho, fungua madirisha mapema, washa feni kati ya mpigaji na mpigaji. Joto la dakika 25 linavumilika.

Aanze laptopu, afuate zeze, mikisa tupu iwe ya mwisho, maana sikio likishapigwa na kelele halisikii tena vitu vidogo. Desibeli 85 sikio linavumilia saa 8. Kila 3 zinazoongezeka, muda unakatika nusu, kwa hiyo 100 ni dakika 15 tu. Plagi za sponji za masikio ziwepo mlangoni, bure.

Zege_na_Zeze
Shukrani wakuu. Hiyo limita ikae kwenye chaneli 4 na 5 tu, au kwenye mkondo mkuu?

Kibuyu
Mkondo mkuu, mkuu. Hata zeze likidondoka, spika zitapona.