Mume wangu anasema "nimekuruhusu kufanya kazi", eti hiyo ndo sapoti

Wakuu habarini, mie nesi, wodi ya wazazi, nipo hapa Tanga. Watu wa kataa ndoa piteni kushoto, uzi huu si wenu.

Leo asubuhi nimetoka naiti, masaa 12 mazima, tulikuwa wawili tu wodi yote imejaa, ripoti tumemaliza saa 2 na nusu, nimekimbilia bajaji nafika nyumbani Makorora nakuta sufuria ya uji imegandia jikoni tangu jana, mtoto kavaa pampasi ile ile niliyomvalisha mie kabla sijatoka, imelowa mpaka imemshuka magotini, na baba yake kakaa barazani anachezea simu. Hata pole hakuna. "Leo chai vipi?"

Nikilalamika jibu lake moja tu, si nimekuruhusu kufanya kazi, wanaume wangapi wanakubali mke alale nje? Alale! Yaani kuzalisha wake za watu usiku kucha kwake ndo kulala nje. Ila mshahara wa huko nje ukiingia, tarehe anaijua kuliko mie.

Zile siku 3 za uzazi ambazo sheria inampa baba alizimalizia kupokea wageni na kunywa kahawa nao. Mie zangu 84 zilipoisha nikarudi kwenye rosta, sheria inanipa mpaka saa 2 kwa siku za kunyonyesha, nazo nikiwa zamu ya mchana nazitumia kukimbia nyumbani kuinjika wali maana bwana hali cha mgahawani.

Mtasema mambo ya ndani hayo. Haya, wiki iliyopita saa 10 alfajiri nimeshika ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) siyo, nimeshaivunja kabisa, mwenzangu akanidaka mkono. Mchana wa kabla ya zamu hiyo sikulala, wifi alikuja na wanawe mume akaniamsha, "toka usalimie, watasema una dharau". Mama wa watu yuko kitandani anasubiri sindano, hajui kitu. Mpaka saivi nikikumbuka mwili unasisimka.

Na huyo aliyenidaka mumewe bodaboda, hela hana. Ila akimrudisha mkewe anafunga madirisha, simu ya mkewe anakaa nayo yeye, watoto anawapeleka shule, ukipiga hodi anakutokea mlangoni anakunong'oneza mama kalala rudi saa 9. Basi, hakuna cha ziada. Yule dada akipokea ripoti usiku utadhani katoka likizo.

Msiniambie nitafute dada wa kazi, wameshaondoka wawili kwa mdomo wa mama mkwe, hiyo nayo ina uzi wake.

Leo naingia naiti tena, saivi saa 10 jioni sijafumba jicho, ndoo zote tupu, bwana yupo kijiweni anacheza bao. Wanaume wenye wake manesi, kwenu ndoo anajaza nani?