Tupeane uzoefu: keki ya siku ya kuzaliwa uliyompikia mwanao mwenyewe

Mama Binti (Dar): Wapendwa, habari za jioni. Binti yangu anatimiza miaka 5 Jumamosi na keki anayoitaka ni ya daladala. Si mwanasesere wala ua, daladala ya Mbagala–Kariakoo anayopanda na bibi yake. Nataka niipike mwenyewe. Mliowahi kumpikia mtoto keki ya kitu anachokipenda, umbo mlilipataje? Tanuri sina, nina jiko la mkaa na friji.

Mama Mapacha (Tanga): Jiko la mkaa linatosha kabisa. Wangu walitaka lori, nikaoka kwa sufuria. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, funika ipate moto, ndipo uingize kibati cha mkate chenye keki. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Moto wa chini ukizidi, kitako kinaungua na katikati bado uji. Mimi natumia unga robo kilo, siagi robo, sukari pungufu ya robo kidogo, mayai 4, bekingi poda vijiko 2 vya chai, iliki na maziwa kidogo. Choma njiti, ikitoka kavu, epua.

Sasa umbo. Usiikate ikiwa ya moto. Oka Ijumaa, ikipoa ifunge kwenye nailoni, ilale kwenye friji. Keki ya baridi inakatika bila kumeguka. Kibati cha mkate tayari kinakupa bodi ya gari, wewe unapunguza pembe ya mbele kwa juu ikae kioo. Magurudumu ni biskuti za duara za chokoleti.

Shangazi (Mombasa): Dadangu, angalia joto. Huku kwetu krimu ya siagi tupu haimalizi sherehe, inateremka. Mimi huchanganya nusu siagi, nusu mafuta meupe ya mgando, ndipo naweka sukari ya aisingi. Ladha hupungua kidogo, lakini inasimama, na rangi huwa nyeupe zaidi. Paka kwanza tabaka jembamba la kukamata makombo, rudisha kwenye friji nusu saa, kisha paka la pili. Rangi tafuta ya jeli, ya maji hulegeza krimu. Ikoroge mapema, maana ikikaa hukolea.

Baba Yanga (Morogoro): Mimi nilimpikia kijana wangu jezi ya Yanga. Njano sikuinunua, siagi ya kopo ni ya njano yenyewe! Kuandika jina, chora kwanza herufi kwa ncha ya njiti juu ya krimu iliyoganda, halafu ufuate kwa mfuko wa nailoni uliokatwa ncha ndogo sana. Ndio kwanza alikuwa ameanza kusoma. Aliinama juu ya meza akalisoma jina lake herufi moja moja, mishumaa ikabidi isubiri. Dada, usiache kuandika jina, hata kama ni ubavuni mwa gari.

Mama Binti: Asanteni mno, nimeandika yote. Ila leo kaongeza: konda lazima awepo mlangoni. Nimsimamishe vipi?

Mama Mapacha: Yale makombo ya pembe uliyokata yakande na krimu kidogo, yatafinyangika vizuri. Mchomeke kwa tambi kavu, si njiti, mtoto asije akaitafuna.