Jiwe jekundu la Lukuledi: yaspi, akiki, hematiti au tofali?

KokotoZaLukuledi
Wakuu, mto ukikauka huku Masasi kokoto nyekundu hubaki wazi. Ninazo nne, zote rangi ya damu ya mzee. Kipimo kipi cha kuaminika: kisu, kigae au mzani?

TupaKavu
Rangi iache, mkuu. Kutu ya chuma ndiyo inayozipaka zote, hata tofali la kuchoma. Anza na tochi ya simu gizani: ukingo mwembamba wa akiki hupitisha mwanga kama chai ya rangi, wa yaspi haupitishi. (Ufunuo 21:11 isikuchanganye, yaspi ya huko inang'aa kama bilauri, zamani jina hilo lilibeba mawe mengine.) Akiki na yaspi zote ni kwatsi (madini magumu ya silika) ya chembe ndogo mno, ugumu 6.5 hadi 7 kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, kwa hiyo kisu hakizitenganishi.

Kisu kinafaa kuondoa tofali, maana linachimbika. Ila kikipita kwenye yaspi huacha mstari wa kijivu na watu hudhani jiwe limekwaruzika. Sugua kwa kidole kilicholowa; ukifutika, ni chuma cha kisu. Na upime penye mvunjiko mpya, si kwenye ganda lililochakaa.

BintiMikindani
Kwa hematiti, yaani madini ya chuma, mimi naanza na kigae cha sakafu, upande wa mgongo usiong'aa. Hematiti huchora wekundu wa kutu hata kama nje ni nyeusi. Yaspi huacha weupe au haiachi kitu. Ukikandamiza, inakikwangua kigae chenyewe na unga unaouona ni wa kigae. Tofali nalo huchora wekundu, lakini lidondoshee tone la maji: linalinywa papo hapo.

TupaKavu
Sawa, ila yaspi yenye mkanda wa hematiti itachora hapa, na pale isichore.

MzaniWaSamaki
Ndipo mzani wa jikoni unapoamua. Pima jiwe kavu. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, rudisha sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa kitako wala kingo, viputo uvifute. Gawanya uzito mkavu kwa namba inayosomeka; jibu ni mara ngapi jiwe ni zito kuliko maji ya ujazo uleule. Gramu 132 kwa 50 ni 2.64, yaspi au akiki hiyo. Hematiti safi hufika 5.3. Vijiwe vya gramu tano sita usihangaike navyo, mzani wa gramu moja moja utakudanganya.

KokotoZaLukuledi
Moja limenywa maji. Mawili yamekuja 2.6, tochi haipiti. La nne gramu 41 kwa 10, kigae hakina wekundu, ukingoni linapitisha mwanga wa zambarau.

BintiMikindani
4.1 na mwanga unapita? Hilo si yaspi wala akiki, huenda ni kito kama ganeti. Litenge, usiligonge nyundo.