Mlo wa Mediterania kwa vyakula vya Mwanza: lazima mafuta ya zeituni?

Igoma_Juu
Wakuu, habari za humu. Nina kilo 92 kwa urefu wa sentimita 168, nimeshauriwa kupungua kwa mlo wa Mediterania (mboga, kunde, samaki na mafuta ya zeituni). Mafuta ya zeituni bei yake haishikiki. Je, kwa sato, dagaa na alizeti inawezekana? Na ugali niuache kabisa?

Chungu cha Kirumba
Inawezekana, mkuu, ila anzia kwenye kikaango. Sato akichanjwa na kuzamishwa kwenye mafuta ya moto mpaka akauke, anakunywa mafuta mengi mno. Mpike mchuzi: sato wa nusu kilo, nyanya 4, kitunguu, hoho, vitunguu saumu punje 3, mafuta kijiko kimoja cha chakula. Lainisha kitunguu kwa moto mdogo, tia nyanya, funika dakika 10 zirojeke, ndipo umlaze samaki. Dakika 12 hadi 15 zinamtosha. Usimgeuzegeuze, atavunjika. Ndimu kamulia mwishoni.

Dagaa wa soko la Mwaloni chagua walioanikwa kwenye chanja. Walioanikwa chini wana mchanga ambao hata ukiosha mara 4 kwa maji ya vuguvugu hauishi. Kayabo (samaki mkavu wa chumvi) ana chumvi kali: loweka usiku kucha ukibadilisha maji, na mwenye presha amwache tu.

Mizani
Nyongeza, maana wengi hukwama hapa. Mlo huu umesifika zaidi kwa moyo. Utafiti wa PREDIMED wa Hispania, uliochapishwa 2013 na kuchambuliwa upya 2018, ulionesha matukio makubwa ya moyo na mishipa, hasa kiharusi, yakipungua, lakini washiriki hawakuambiwa wapunguze kalori. Ukitaka kilo zishuke, lazima upime. Gramu 1 ya mafuta ni kalori 9, kijiko cha chakula ni kama 120, yawe ya zeituni au alizeti. Anayemimina kutoka kwenye dumu hajui ametia ngapi.

Ugali usiuache. Unga wa dona gramu 70 kwa mlo, upimwe ukiwa mkavu, ni kalori 250 hivi. Nusu ya sahani iwe matembele, mchicha au bamia, robo samaki au maharage. Karanga gramu 30 kwa siku zinatosha, nazo ni kalori 170, kwa hiyo ukiziunga kwenye mboga usizitafune tena jioni. Zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, zinaweza kuwa na sumukuvu.

Ukerewe_Shamba
Nakubali, ila alizeti ya kawaida si pacha wa zeituni. Zeituni imejaa asidi ya oleiki, alizeti imejaa linoleiki, aina mbili tofauti za asidi za mafuta. Bado inayashinda mbali mawese na nazi. Kwa aina ya mafuta, ndugu wa zeituni hapa kwetu ni parachichi: nusu tunda juu ya kachumbari, na siku hiyo punguza mafuta ya kupikia. Choroko, dengu na maharage visikose mara 3 au 4 kwa wiki. Maharage loweka saa 8 umwage maji, gesi tumboni itapungua. Michembe nayo ihesabu kama wanga: ni kiazi kilichotolewa maji, kiganja kimoja kina nguvu kuliko kinavyoonekana. Mvinyo wanaoutaja kwenye mlo huu wala usiuwaze.

Igoma_Juu
Asanteni. Nilisahau kusema: natumia dawa za sukari.

Mizani
Hilo ndilo lilipaswa kutangulia! Kama ni insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), ukipunguza ugali ghafla sukari inaweza kushuka sana: jasho, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa. Pita kliniki kwanza wakupangie dozi. Metformini, kidonge kingine cha sukari, peke yake ni nadra kuleta hayo. Unachoweza kuwauliza hukohuko ni sukari ya kwenye chai, kama bado unatia: vijiko 3 vidogo, vikombe 4 kwa siku, ni karibu kalori 200. Hiyo ndiyo ya kuondoka kabla ya ugali.