Nimechora penzi langu la Tanga na Sharjah. Kurasa za Pangani nizitoe?

BikiNyeusi

Habari za humu. Mimi mtu wa Tanga, nina steshenari Ngamiani: fotokopi, laminesheni, kuchapa barua za kuomba kazi. Mchana jua likiwaka wateja hukatika, nami huchora. Nimeshajaza kaunta buku nzima, na ya pili iko katikati, kwa hadithi moja tu tena ya kweli: mimi na kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la vipuri Sharjah.

Tulijuana yuko likizo, kwenye harusi ya binamu yangu. Akarudi kazini, tukaendelea kwa simu, anakuja mara moja kwa mwaka, mpaka ikaisha. Hakuna aliyemtenda mwenzie. Ilifika mahali ni "umekula?", "nimekula, we je?", na hapo mazungumzo ndiyo yamekwisha.

Walioko kule wanajua: Falme za Kiarabu simu ya WhatsApp haipigiki. Meseji zinakwenda, voisi zinakwenda, kupiga ndiyo hakuna. Basi mapenzi yetu yalikuwa ya voisi. Anarekodi yuko juu ya dabo deka, kajifunika shuka gubigubi asiwaamshe wenzake wa chumbani, ananong'ona mpaka feni naisikia kuliko yeye. Kwao wako mbele yetu saa moja. Ikigonga saa sita usiku kwake ananitumia: "Mie nishafika kesho, nakungoja huku."

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, unachoraje mapenzi ya simu? Kurasa zangu nyingi ni mtu kashika simu, akifuatiwa na mtu kashika simu. Hata mimi nachoka kuzitazama. Pili, kuna kurasa za likizo yake ya mwisho, tulipokwenda Pangani. Nimezichora kama ilivyokuwa. Si matusi, lakini tumo kitandani na nguo hatuna, chandarua kimeng'oka kikatuangukia, mimi nacheka mpaka nalia, yeye kasimama juu ya godoro anatafuta msumari ulipo. Dada yangu kaona, kafunga daftari, kasema, "Hii huonyeshi mtu." Nataka nitoe nakala chache niuze dukani. Kurasa hizo nizitoe au zibaki?

Kiboko wa Chuda

Zibaki! Mimi nanunua kwa ajili ya chandarua tu. Halafu huyo bwana, "waja leo waondoka leo", si ndiyo Tanga yenyewe? Pole lakini, dada.

Msomaji wa Kisauni

Dada BikiNyeusi, hapa umenigusa, maana kuna kitabu nakipenda cha namna hiyo hiyo na sijapata mtu wa kuzungumza naye habari zake. Chaitwa *Clumsy*, cha Mmarekani Jeffrey Brown. Alihamia Chicago mwaka 2000 kusomea uchoraji kwenye School of the Art Institute, kazi ya rangi na turubai, kisha akayaweka hayo kando akaanza kuchora katuni za mapenzi yake. Yeye yuko Chicago, mpenzi wake yuko Florida. Alikichapisha mwenyewe mwaka 2002, na baadaye ndipo kampuni ya Top Shelf ikakichukua.

Sasa, alichora kwa wino moja kwa moja daftarini, bila penseli. Mistari inatetemeka, vichwa vikubwa, mikono kama ya mtoto aliyechora. Mtu aliyekwenda chuo cha sanaa! Ukikifungua mara ya kwanza wasema huyu hajui kuchora. Ukifika katikati waona kwamba mkono ule ndio uliofanya kazi yote. Wapenzi wamo kitandani kurasa kadhaa, uchi, na msomaji hahisi kwamba anachungulia dirishani. Anaona haya pamoja nao. Lau angevichora vile viwiliwili vizuri, misuli na vivuli, kitabu kingekuwa kitu kingine kabisa, na mimi nisingekiacha sebuleni.

Kuhusu simu. Hadithi zake ni fupi fupi, nyingine ukurasa mmoja, na hazikupangwa kwa tarehe. Hapa wamekutana, hapa hawajajuana vizuri, hapa ugomvi, hapa tena siku za mwanzo. Ule umbali hakuufafanua. Unauona kwa sababu kila wakikutana hadithi inakatika kabla hujashiba. Kwa hivyo dada, usinichoree simu. Nichoree wewe wafagia duka, wafunga komeo, wakaanga samaki, na maneno yake yapita juu ya picha zako. Yeye asionekane. Ukurasa wa pili geuza: yeye apanga vipuri, maneno yako ndiyo yapita juu yake.

Tena usijipambe. Huyo Brown anajichora analialia, ana wivu, ataka kuambiwa "nakupenda" kila saa. Wakati mwingine wataka kumzaba kofi. Baadaye, mwaka 2004, akatoa kijitabu kingine, *Be a Man*, kujidhihaki mwenyewe: matukio yale yale, ila safari hii kajifanya dume la nguvu lisilojali kitu. Nilicheka sana. Ndiye huyo huyo aliyekuja kutoa *Darth Vader and Son* mwaka 2012, ambacho hata wasiosoma katuni wanakijua. Lakini mimi bado nakipenda kile cha mkono unaotetemeka.

Kurasa za Pangani zibaki.

Mzee wa Sani

Binti, mimi nimekulia kwenye jarida la katuni la Sani. Lodi Lofa, Ndumilakuwili, wote nawajua kama majirani. Na kabla yao Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Katuni zetu zimekuwa za kumcheka fulani: mlevi, tapeli, mzembe, bosi. Mchoraji kujitia mwenyewe ndani, tena na mpenzi wake, hilo kwetu ni geni, na ndiyo maana dada yako kashtuka. Sisemi ni vibaya. Nasema ujue msomaji wako hajazoea, atatafuta utani atakosa wa kumcheka isipokuwa wewe.

Ila kwa Pangani mimi nina ushauri tofauti na huyo ndugu wa Mombasa. Watu wa pwani tuna njia zetu za kusema mambo ya chumbani. Kuna kanga. Kanga tayari imeshaandikwa maneno, ni picha na maandishi pamoja, kazi nusu imefanyika. Tundika kanga kambani, chagua maneno yanayosema yaliyotokea usiku, basi, mwenye akili kaelewa. Huhitaji kutuonyesha kalio la mtu.

BikiNyeusi

Mzee wangu shikamoo. Kanga nimeipenda, na ipo moja aliyoninunulia hapo hapo barabara ya soko kabla hajaondoka, nitaichora. Lakini nitaichora kwa sababu ilikuwepo. Pale Pangani hapakuwa na kanga, palikuwa na chandarua kilichotoboka na harufu ya dawa ya mbu. Nikiweka kanga mahali pa chandarua nitakuwa nimechora usiku wa watu wengine, wazuri kuliko sisi.

Ndugu wa Kisauni, nimejaribu jana. Nimechukua voisi yake moja ndefu, ya siku walipohamishwa chumba, nikaiandika neno kwa neno juu ya picha za mimi nakata karatasi, nafunga bando, nagombana na mteja aliyetaka fotokopi ya kitambulisho halafu hana pesa. Imekaa! Mteja anafoka chini, juu yeye ananong'ona habari ya godoro jipya. Ahsante sana. Sikujua kama duka langu lina picha nyingi hivyo.

Umm Nasra

Nimeishi Dubai, kisha Muscat, kwa hiyo hizo voisi za gubigubi nazijua vizuri, mwenzako nilizirekodi bafuni.

Naona watu wote mmeshikwa na kitanda cha Pangani. Mimi kilichonishtua ni hilo ulilosema jana, "nimeiandika neno kwa neno". Mpenzi, kitandani mlikuwa wawili, lako na lake ni moja. Ile voisi ni yake. Mwanamume anayelala chumba kimoja na wanaume wenzake, mchana kutwa anajikaza, akipanda kitandani anajifunika shuka na kukwambia asiyomwambia mama yake, huo ndio uchi wake. Kalio la katuni hakuna atakayelitambua. Maneno yake mwenyewe, kwa lafudhi yake, na jina la mji na kazi aliyokuwa akifanya, kijijini kwao watamjua kabla hawajafika ukurasa wa tatu. Na kama bado yuko kule, akimlalamikia mwajiri ndani ya voisi na wewe umechapa, fikiria.

Muulize. Humpendi tena, sawa, lakini namba unayo.

Na kwa hizo za Pangani, ziuze kwenye karatasi, dukani, kwa mtu mzima. Usizirushe mtandaoni hovyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekataza kuchapisha picha za ngono, na mtu akitaka kukusumbua hatakuuliza kama mistari yako inatetemeka au imenyooka.

Kiboko wa Chuda

Umm Nasra umeua. Mimi najitoa, nilikuja kwa chandarua.

Msomaji wa Kisauni

Hapo kweli. Nami nilikimbilia ufundi tu. Ila muulize ukiwa umeshachora, si kabla. Ukimuuliza kabla atakataa kila kitu, mtu hukataa asichokiona. Mpe kurasa azitazame.

BikiNyeusi

Nimechelewa kurudi, ni msimu wa fomu za shule, foleni mpaka barabarani.

Nilizipiga picha kurasa zote nikamtumia. Siku mbili kimya. Tiki za bluu na kimya. Nikasema basi, kaonyesha mtu. Siku ya tatu ikaja voisi, ndefu kama za zamani. Ameanza na pua. Eti pua yake si vile, eti nimemchora kama bata. Akacheka kwenye chandarua, akasema msumari ulikuwa upande wa dirisha na mimi nimeuweka upande wa mlango, nirekebishe. Yaani kitanda hakimsumbui hata kidogo! Kasema pale hata sura ya ukorofi hana, mtu akimwona atasema huyu jamaa alikuwa na raha.

Halafu akanyamaza kidogo, akasema kuna moja hataki. Ni voisi aliyonitumia kipindi mshahara ulipokwama, amekopa hela ya kutuma nyumbani, na nyumbani wanadhani yuko vizuri. Mimi ile niliichora kwa ukurasa mmoja, na nilidhani ndiyo bora kuliko zote. Nimejichora naisikiliza huku napanga kalamu kwenye kopo, sina la kumjibu, nikamwandikia "umekula?". Hicho ndicho nilichojibu wakati ule. Kasema mama yake bado hajui. Voisi nyingine zote nimeruhusiwa, ila ghala libadilike liwe la matairi, na Sharjah iwe "kule".

Kwa hiyo huo ukurasa umetoka. Nimebaki na "umekula?" yangu peke yake, nimeipeleka ukurasa mwingine, haina maelezo. Msomaji ataona mtu anaulizwa swali la kijinga na hatajua kwa nini linauma. Bado sijui kama inafanya kazi. Nitampa dada yangu aisome tena, maana yeye haonei mtu haya.

Na Pangani inabaki, na msumari umehamia dirishani. Ghala la matairi limenipa kazi mpya, kuchora tairi kwa biki bila penseli ni adhabu. Mzee wangu wa Sani, kanga nimeiweka kwenye jalada la nyuma.

Mzee wa Sani

Marahaba binti. Nimekubali, chandarua kina haki yake. Sasa la uchapaji: kama unakunja A4 katikati na kupiga pini, hakikisha kurasa zinagawanyika kwa nne, ama sivyo mwisho utabaki na nyeupe. Ukishatoa ukurasa mmoja hesabu imevurugika.

BikiNyeusi

Mzee wangu, kukunja A4 ndiyo kunaniweka mjini. Nimeshahesabu, imebaki nyeupe moja kweli. Naweka tangazo la duka: fotokopi, laminesheni, barua za kazi, na bei ya kitambulisho pande zote mbili.

Kiboko wa Chuda

Na bei ya kitabu je?