Ujamaa uliuawa na ubinafsi wa mkulima au wa kiongozi?

Mtoa mada: Wakuu, kila tukigusa Ujamaa hakosi wa kutufungia mjadala: "Binadamu ni mbinafsi kwa asili, mfumo ule usingefanya kazi hata kwa dawa." Kwamba ni mbinafsi, nakubali. Azimio la Arusha la 1967 nalo lilikubali, ndiyo maana likaweka miiko: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Malaika hawekewi miiko.

Sasa njooni Ruvuma. Wakulima wa Litowa na vijiji vya jirani walianza kulima pamoja kwa hiari, kabla hata ya Azimio, wakaunda chama chao cha maendeleo. Mwaka 1969 TANU ikakivunja. Hakikufa kwa uvivu. Wakubwa hawakupenda watu wanaojiamulia mambo yao. Mwishoni mwa 1973 ikatoka amri: kuishi vijijini ni lazima. Malori yakabeba watu na vyungu vyao. Na 1991, kwenye kikao cha Zanzibar, CCM ikailegeza ile miiko. Kama kosa ni asili ya binadamu, mbona anayesomewa mashtaka ni mkulima peke yake?

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, Litowa walikuwa wachache, wanajuana hadi mbuzi wao. Babu yangu alisimulia kwamba siku ya shamba la kijiji watu walifika jua limeshapanda, majembe yanakwaruza tu. Shamba la nyumbani waliliamkia alfajiri. Hakuna chama kilichowafundisha hivyo.

Mtoa mada: Sibishi. Lakini babu huyohuyo, jirani akijenga, si alikwenda kukandika bila kuitwa mara mbili? Alijua na yeye zamu yake itafika. Mavuno ya shamba la kijiji alijua yanakwenda wapi?

Mchangiaji wa pili: Nyote mnazunguka. Tazameni vikoba vya kina mama. Sanduku lina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, pesa zinahesabiwa mbele ya wote. Hawaaminiani kiasi hicho, na ndiyo maana kikundi kinadumu.

Mtoa mada: Hapo umenikuna. Sheria ya maadili ya viongozi ya 1995 inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake. Nani kati yetu amewahi kulisoma tamko la mbunge wake?